Mlima wa Sihaba

Behewa refu lilinasa tena ndani ya mlima.

"Sihaba, mlima wako huu!" Kibwana alifoka. "Wahenga walisema milima haikutani. Huu wako umekutana na behewa langu tangu asubuhi!"

Tangu ujana wake Kibwana alikusanya treni ndogo za mfano, na leo ndiyo mara ya kwanza majirani wanakuja kuzitazama zikizunguka mezani, juu ya reli aliyoitandika mwenyewe. Mlima ulikuwa kazi ya mkewe. Sihaba aliufinyanga kwa magazeti na uji wa muhogo, akaupaka rangi hadi mawe yakawa mawe kweli. Mezani pale, huo tu ndio uliokuwa wake.

"Liache hilo refu, bwana. Mengine yanapita."

"Niliache? Ndilo wanalokuja kuliona!"

"Na mlima je?"

"Watauona umemeza treni, bibie!"

Sihaba akaingiza mkono kwenye shimo la mlima, reli ilimopita, akavuta. Behewa halikusogea.

"Hodi wenyewe!" watu waliita mlangoni.

Kibwana akamtazama mkewe, kimya, na kimya hicho kikamuudhi Sihaba kuliko yale makelele yote. Akachukua kisu, akakizungusha kwenye mlima, akanyanyua kilele kizima kama kifuniko cha sufuria. Treni ikajivuta, ikapita.

Wageni wakaingia, wakaizunguka meza, wakapiga makofi. Sihaba alisimama nyuma yao na kilele mikononi, akitafuta pa kukiweka.