Maji ya Kutupa

Mbwa alikuwa analamba theluji nyuma ya chumba kipya tangu saa nne asubuhi, na kila akiitwa hakuitika.

Odilon, mzee wa miaka sabini na tisa, alimtazama kwa muda, kisha akachungulia mlangoni.

"Réjean, huyu Mitaine kiu hii ameitoa wapi?"

Mwanawe alikuwa amepiga magoti chini ya mashine, anakaza bomba. "Ni maji ya kutupa, Baba. Mwache anywe. Na tulikubaliana."

"Nimeuliza habari za mbwa. Mashine sijaitaja."

Kweli walikubaliana. Wiki tatu nzima Réjean alikuwa akitoka kwenye kiwanda cha mbao na kuja moja kwa moja kujenga chumba hicho ubavuni mwa kibanda cha kuchemshia shira. Kuta nene za kuzuia baridi, hita, sakafu yenye mteremko. Na wiki tatu nzima mzee alikuwa mgongoni mwake: mlango umepinda, waya ni mfupi, taa mbona iko huku. Asubuhi ile uvumilivu ukamwisha Réjean. Akamwambia baba yake kwamba mpaka jua lizame hataki kusikia neno lake hata moja juu ya mashine. Odilon akasema haya. Na Odilon akisema haya, ndiyo imetoka. Aliwahi kununiana na kaka yake miaka kumi na moja kwa ajili ya uzio.

Kulikuwa na jambo lingine waliloafikiana, na hilo ndilo lililomnyima Réjean usingizi. Lita arobaini za utomvu wa miti ya mepo hutoa lita moja tu ya shira, na mzee hakuwa tena na kiuno cha kulisha moto kutwa. Tajiri mmoja wa mjini alitaka kuununua msitu wao wa mepo ajenge nyumba za likizo. Réjean alimwomba baba yake asubiri mashine. Mzee akajibu kwamba aione shira mezani leo, kabla ya chakula cha jioni. Asipoiona, Jumatatu anatia saini.

Mashine yenyewe haikuwa na miujiza. Inausukuma utomvu kwenye ngozi nyembamba ya kuchujia. Maji yanapenya, sukari inabaki. Mpira mmoja unapeleka ule utamu kwenye karai la kuchemshia, mwingine unatoa maji nje kupitia ukutani. Mipira yote miwili ilikuwa myeusi, imekatwa kwenye bunda moja, na Réjean alikuwa ameifunga jana macho yakijifumba yenyewe.

Kabla ya adhuhuri alimwona mzee dirishani akipita na ndoo mbili kuukuu za bati, zile za marehemu mama. Alipinda kona kuelekea upande wa miti saba mikubwa, ambayo mama aliigema kwa mkono hadi mwaka aliofariki. Akarudi mikono mitupu, akachukua mbili nyingine. Kisha mbili tena.

Réjean alielewa, na kilimchoma. Siku yenyewe ya mashine, mzee ameamua kumwonyesha jinsi wanaume wa zamani walivyofanya kazi.

Mchana Odilon aliingia, akaikodolea macho ile mipira miwili, akafungua mdomo, akaufunga.

"Ndoo nyingine za mama yako ziko wapi?"

"Darini. Za nini zote hizo?"

"Nina kazi."

"Baba, wewe utakufa unashindana."

"Nitakufa nimechoka, hilo nalijua," mzee alisema, akapanda ngazi ya dari.

Kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini Réjean hakuwa na nafasi ya kuwakumbuka wahenga. Alikuwa analisha moto. Karai lilitokota, mvuke ukajaa hadi kwenye boriti, na bado kibandani hakukuwa na ile harufu ambayo sisi tuliozaliwa huku tunaijua kabla ya kujua kusoma. Alijiambia kwamba ni pua yake, imezibwa na uchovu.

Saa kumi na moja akachota kwa upawa, akaonja. Maji ya moto. Akachota upande wa pili wa karai. Maji ya moto.

Alikumbuka kwamba alfajiri alisinzia na hita ikazimika kidogo. Basi ngozi iliganda ikafa, akafikiri. Akaketi juu ya kuni. Alitaka kulia, ila hata kulia kunataka nguvu.

Alipoingia jikoni, Odilon alikuwa ametumbukiza mikono kwenye beseni la maji ya uvuguvugu. Maharage yalikuwa bado ndani ya oveni, ingawa tangu asubuhi yalikuwa yameiva.

"Baba, muuzie. Nimechemsha maji kutwa nzima. Nimeshindwa."

Mzee alitazama dirishani mpaka mwanga wa mwisho ulipotoka juu ya paa la zizi. Akajifuta mikono, akachukua tochi, akamvuta mwanawe kwa mkono wa koti kama alivyomvuta akiwa mtoto.

Nyuma ya chumba kipya, ndoo arobaini za mama zilikuwa zimepangwa kando ya ukuta, zimejaa, kila moja na kifuniko chake. Miti saba haijazi ndoo arobaini kwa siku moja. Réjean akainua kifuniko kimoja, akachovya kidole, akaonja. Utamu ulimpanda hadi kwenye taya. Hakuna mti uliowahi kutoa utomvu mtamu hivyo.

Ndoo ya arobaini na moja ilikuwa imetundikwa kwenye mdomo wa mpira wa maji ya kutupa, inaendelea kujaa, na Mitaine amekaa kando anailinda.

"Sasa jua limezama," Odilon alisema, mkono kiunoni. "Badilisha mipira. Chakula bado sijapakua."