Kipande cha Bi Mgeni

Mabomba yote ya jengo letu yanafunguliwa na swichi moja ya mtandao, ile iliyofungwa ukutani kwenye ngazi. Kampuni ya maji iliwahi kutukatia maji siku tisa, na sijasahau hata moja. Ndiyo maana tulipoinyakua swichi niliigawa nywila yake vipande vinne, kila nyumba ikahifadhi chake kichwani.

Sasa, miaka mingi baadaye, bomba la Bi Mgeni limejifunga, na kipande tunachokikosa ni chake.

"Shikamoo, bibi. Nipe neno lako nikufungulie maji."

"Marahaba. Sikupi. Faki alituapisha tusilitaje hata tukifa kwa kiu."

"Faki ndiye mimi, bibi."

Akacheka mpaka akakohoa. "Faki gani huyo ana mvi? Faki ni kijana, akisema jengo zima linatetemeka. Kawaambie waliokutuma, mimi sinunuliki!"

Nikamtajia jina la mama yangu. Nikamwonyesha kovu la kidevuni. Ndoo niliyomletea akaimwaga palepale mlangoni, ati ni maji ya kampuni. Midomo yake ilikuwa imepasuka. Akafunga mlango, nikasikia komeo la kwanza, kisha la pili.