Tende ya Mjukuu

Haya alinieleza jirani yangu Mwanakombo, juzi asubuhi tukichambua mchele.

Watoto wa siku hizi hulelewa katika vyumba vya hewa iliyochujwa, maana miili yao haijui kupigana na vijidudu. Mwanakombo alikwenda na tende, amlambishe mjukuu wake wa kwanza kama tulivyolambishwa sote tukiwa wachanga. Binti yake, aliyekuwa ndani na mtoto, akamzuia kutoka nyuma ya kioo.

"Usifungue, mama! Pumzi yako itamuua."

"Pumzi hii si ndiyo iliyokupozea uji, Mize?"

"Mimi nimeoshwa mapafu."

"Basi nami nioshwe."

"Ya miaka sabini hayaoshwi, mama."

Mwanakombo akaitafuna tende mwenyewe, akamwimbia mtoto kupitia kipaza sauti. Mtoto akakigeukia kile kipaza sauti, akakichekea, akalala. Mize naye akasinzia. Bibi akajilaza sakafuni, akalia mpaka usingizi ukamchukua.