Kucha za Buluu

Lango la kiwanda cha vitambaa lilianguka pamoja na mlinzi wake. Umati ukapita juu yake.

Mbele alikuwa Fundi Rangi, nondo mkononi. Bado walimwita hivyo, ingawa wakubwa walimtoa kwenye mapipa ya rangi bila hata ahsante. Sasa alilala sebuleni kwa mama mkwe, mwanamume mzima na ndevu zake, na kila tonge lilikuja na neno lake.

Wakubwa wenyewe hawakuonekana. Siku ya mawe, wakubwa huwa safarini.

Mgombea waliyemwita Nyundo ndiye aliyewafungua macho. "Kazi zenu wamepewa wageni, kwa nusu mshahara!" alinguruma mkutanoni. "Mtawajua kwa kucha. Kucha za buluu, mgeni huyo!" Kisha akagawa mashati ya bure, ya buluu vilevile. Atakayelivaa, kazi yake itarudi.

Mama mkwe aliliosha lile shati, akacheka.

"Mkwe, shati lako linalia. Beseni zima wino!"

"Halikutiwa chumvi, mama. Rangi haikushika."

"Rahisi ghali, baba."

"Mimi shati la nini? Nataka kazi yangu."

Sasa, ndani ya chumba cha rangi kiwandani, walimkuta mzee mmoja, amejibanza nyuma ya pipa. Vijana wakamkamata mikono, wakaiinua juu. Buluu tupu.

Fundi Rangi alimjua. Ndiye aliyemfundisha kukoroga, kuchovya na kukamua.

"Mwanangu, waambie! Mimi mgeni wa wapi? Si umekula kwangu wewe?"

Vijana walimgeukia, wakangoja. Fundi Rangi akaitazama ndoano ukutani, alipokuwa akitundika aproni yake. Ilikuwa na aproni ya mtu mwingine.

"Kucha hazisemi uongo," alisema, akashusha nondo. Mzee akapiga kelele mara moja tu. Nondo ilishuka tena na tena.

Walipotoka, mvua ilikuwa inamwagika kama imetumwa. Wenzake wakatimua mbio kwenda makwao. Yeye alibaki uani, chini ya bati, ameloa chapachapa, anahema. Akilini aliona aproni yake imerudi kwenye ndoano. Aliona mama mkwe anamkaribisha mezani kwa adabu.

Shati la Nyundo lilikuwa limemganda mwilini, lina damu. Akalivua. Akalisokota na kulikamua kama alivyokamua vitambaa ujana wake wote, kwa vidole kumi, mpaka tone la mwisho. Akalianika kwenye seng'enge kule nyuma.

Mlango wa uani ukavunjwa. Wakaingia watu wa mtaa wa pili, marungu mikononi, mashati ya Nyundo vifuani. Hakumjua hata mmoja, lakini moyo wake ulifurahi. Akanyoosha mkono juu, akawapungia.

"Mmechelewa, jamaa! Sisi tumeshamaliza!"

Aliyetangulia hakumtazama usoni. Aliutazama ule mkono, vidole, kucha.

"Kumbe," aliwaambia wenzake, "kuna mmoja amebaki."