Mimba ya Kooni

Siku hizi mimba anabeba baba, kooni, kama madume ya vyura fulani wadogo, na haongei mpaka amteme mtoto. Luhende alikuwa bubu tangu masika.

"Shemeji, leo nakutukana bure, nijibu basi!" mdogo wa mkewe alimchokoza.

Nyamizi, mkewe, akacheka huku akimpaka mafuta shingoni. "Mwanangu leo kalala sana. Mvivu kama baba yake."

Mtoto hakuwa amecheza tangu juzi. Asubuhi, chooni, Luhende alijaribu kuita jina la mkewe, sauti ikatoka. Sauti hurudi mtoto akishatoka, au akishakufa.

"Siku ukiongea," Nyamizi akasema, "nitapiga vigelegele mtaa mzima usikie."

Luhende akatabasamu, akakaza midomo.