Unyayo wa Jitu

Maneno yote yalianzishwa na mizani ya mpunga. Mtoto wa Libérata alikuwa na siku moja tu duniani alipowekwa juu yake, na mizani ikasema kilo sita na nusu. Wakampima tena, safari hii bila kitenge. Mizani ikang'ang'ania.

Sasa, baba yake, Symphorien, alikuwa mfupi. Simwonei, hata papai la kuchuma kwa mkono alilichuma akiwa juu ya kigoda. Marehemu mzee wake, mchukuzi wa mawese aliyekuwa akipotelea Kindu miezi na miezi, naye alikuwa mfupi vilevile. Kitu kikubwa alichokuwa nacho Symphorien ni miguu tu. Viatu vyake vya harusi, namba kubwa kuliko zote dukani Walikale, ilibidi avikate mbele ili vidole vipate nafasi.

"Huyu haiko mujukuu wangu," mama yake, Mama Pétronille, akatangaza mbele ya majirani. "Huyu njo mutoto ya jitu."

Hakuna aliyecheka. Mwaka ule wa 1951, kila mtu katika kijiji kile cha msituni alilijua jiwe la mtoni lenye unyayo mrefu kama mkono wa mtu mzima. Wazee walisema jitu lilishuka kutoka mbinguni na kukanyaga pale jiwe lilipokuwa bado laini, na tangu hapo mwanamke akienda peke yake kuchota maji karibu na jiwe hilo, anaweza kurudi na zaidi ya maji. Hata katekista Hubert, ambaye kazi yake ilikuwa kuyakataza mambo hayo, aliyaunga mkono. Alisema alifundishwa misheni kwamba zamani sana viumbe wa mbinguni waliwatamani binti za watu, wakazaa nao majitu. Alifurahi mno kupata ushahidi kijijini kwake.

Libérata hakufurahi hata kidogo. Kwao kulikuwa Masisi, juu milimani, siku kadhaa kwa miguu, na Mama Pétronille alikwisha sema kwamba akipatikana na kosa atarudishwa huko, yeye na jitu lake dogo. Na ajabu ni kwamba alimpenda sana yule mfupi wake.

"Mama, mi sijaona jitu hata moja," alilia. "Angalia miguu ya mutoto. Haiko miguu ya Symphorien hii?"

Mama Pétronille akaifunika miguu ya mtoto haraka kwa kitenge.

"Usinidanganye. Ile jitu ninaijua. Kama inatembea, inaimba na pua. Inapenda makemba, ile ndizi ya kuchoma, hata ganda inakula!"

Majirani wakatikisa vichwa kwa heshima. Mama mzee anajua mila.

Basi wazee wakaamua desturi ifuatwe. Mwanamke anayeshukiwa husimama juu ya jiwe na kuliita jitu mara tatu, kwa maana jitu halimwitikii mwanamke lisiyemjua. Likiitika, ndoa imekwisha. Lisipoitika, mwanamke hana kosa, na aliyemsingizia anamlipa mbuzi. Mama Pétronille alikuwa na mbuzi mmoja tu, na alimpenda kuliko alivyompenda mkwewe.

Jumamosi asubuhi kijiji kizima kiliteremka mtoni. Ng'ambo, kikosi cha barabara kilichofika juzi kilikuwa kinagongelea mbao za daraja, kelele tupu. Libérata akapanda jiwe, mtoto mgongoni, ameinama mbele kwa zile kilo sita na nusu.

"Jitu!" akaita.

Nyundo tu.

"Jitu!"

Chura mmoja akajibu. Wazee wakashauriana, wakakubaliana kwamba chura hahesabiwi.

"Jitu, we!"

Hakuna kitu. Symphorien akaanza kutabasamu kwa mara ya kwanza wiki ile nzima. Hubert akasikitika waziwazi. Mzee mmoja akaishika kamba ya mbuzi.

"Ngoja kwanza!" Mama Pétronille akapiga kelele. "Anaita mubaya! Ile haisikiake muzuri, sikio ya kushoto ilikufa. Hapana kuita na sauti. Apige mluzi! Mbili ya mufupi, moja ya murefu."

"Mi sijue kupiga mluzi, Mama," akasema Libérata.

"Vijana ya leo hamujue kitu!"

Akamsukuma kando, akapanda jiwe mwenyewe, akatia vidole viwili mdomoni. Miwili mifupi, mmoja mrefu. Ndege wakaruka mitini.

Ng'ambo, nyundo zikanyamaza. Chini ya daraja, mwanamume mmoja mwenye mvi akaanza kuinuka. Akainuka, akaendelea kuinuka, mpaka wazee wakarudi nyuma. Akaingia mtoni akiimba puani, na pale ambapo Symphorien huogelea, maji yakamfika kiunoni. Akatoka upande huu na kusimama mbele yao, peku, kwa miguu ambayo Symphorien aliitambua mara moja, maana naye alikuwa amesimama juu ya miguu kama hiyo tangu azaliwe.

Jitu likamtazama Mama Pétronille, uso wote ukichanua kwa furaha. Likauliza kwa sauti kubwa, kama wanavyouliza watu wasiosikia vizuri:

"Pétronille! Bwana yako amekwenda tena Kindu?"