Kabati Limeingia Dirishani

Kabati la Mwajabu halikupita mlangoni. Lilikuwa la mninga, kazi ya mikono ya marehemu baba yake, na chumba alichopanga kilikuwa cha mwisho kwenye ukumbi mwembamba. Wabebaji wakalitua barazani, wakajifuta jasho.

“Lirudisheni tu,” Mwajabu alisema kwa sauti ndogo. “Nitalitafutia mnunuzi.”

Bi Siwatu, mpangaji wa chumba cha mbele, aliacha maandazi yake jikoni. “Haliendi kokote, mwanangu. Dirisha lako si linatazama uchochoroni? Basi ling'olewe. Mwenye nyumba nitasema naye mimi.”

Majirani wakaja na nyundo. Fremu ilivunjika, lakini kabati likaingia. Jioni ile, kupitia tundu lililobaki, mikono ilimpitishia Mwajabu maandazi, chai, na maswali mengi kuhusu alikotoka.

Asubuhi fundi alipoleta fremu mpya, alimkuta ameketi pale dirishani, miguu ikining'inia uchochoroni, akichambua mchele na wanawake wa mtaa.

“Dada, nianze kazi?”

Mwajabu alisogea kidogo, akampisha Bi Siwatu aketi kando yake.